Tairi Kubwa, Fimbo Nyembamba: Historia ya Usukani kwenye Njia ya Rejaf

Historia tunayozoea kuandika hapa ni ya vita, mipaka na kambi. Leo naomba tuandike historia ya chuma kimoja tu, fimbo yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, inayokaa chini ya uvungu wa gari pale mbele. Mafundi wanaiita tairodi. Kazi yake ni kufunga tairi la kulia na tairi la kushoto yageuke pamoja. Ikipinda, matairi yanaangaliana kama watu waliogombana. Ikikatika, dereva anazungusha usukani na gari haimsikii tena.

Kwa nini Rejaf? Kwa sababu Rejaf ni mahali ambapo usukani wa aina moja ulikuwa unaishia na usukani wa aina nyingine unaanza.

Neno usukani lenyewe ni la chomboni. Kabla ya magari, usukani ulikuwa ule ubao wa nyuma ya jahazi au mashua unaoelekeza chombo. Sasa angalia ramani. Meli za Mto Nile zilikuwa zinapanda kutoka Khartoum mpaka hapa kwetu, chini ya kile kilima cha Rejaf, kilomita chache kusini ya mahali Juba ilipo leo. Zaidi ya hapo haziwezi. Kuelekea Nimule mto umejaa miamba na maji yanayokimbia kwa nguvu. Kwa hiyo mzigo wowote wa kwenda kusini au magharibi ulikuwa lazima ushuke hapa, uende kwa njia ya nchi kavu.

Ndiyo maana wakubwa walipigania mahali hapa padogo. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo lililoitwa Lado, kwa sababu alitaka Kongo yake ipate mlango wa kutokea Nile. Tarehe 17 Februari 1897 jeshi lake, lililoongozwa na Louis-Napoléon Chaltin, liliwashinda wapiganaji wa Mahdi hapa Rejaf. Tukumbuke kwamba wengi waliopigana upande wa Chaltin walikuwa Waafrika. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likarudi Sudan. Lakini haja ya Kongo kupitisha mizigo Nile haikufa na mfalme. Ilibaki barabara ya kutoka Rejaf mpaka Aba, upande wa Kongo.

Kabla ya magari, nani alibeba? Mabega na vichwa vya watu. Februari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka mmoja tu nyuma, alisafiri kwa miguu kutoka Nimule mpaka Gondokoro, ng'ambo ya mto kaskazini ya Rejaf, pamoja na wapagazi. Njia ile ile leo lori linaimaliza kwa saa chache. Kwa hiyo tukilaumu gari, tukumbuke pia gari ilimtua nani mzigo.

Malori yakaja. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Juba, mji mpya, ikaanza kuchukua nafasi ya Rejaf kama bandari na makao ya utawala. Aprili 1928, hapa hapa Rejaf, kulikuwa na mkutano mkubwa wa lugha, ambapo lugha chache kama Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande zilichaguliwa zitumike mashuleni. Maneno ya gereji hayakusubiri mkutano. Yaliingia yenyewe pamoja na spana: tairi, jeki, springi, grisi, beringi. Mtu wa Kiarabu cha Sudan akaita usukani dirikson, Mswahili akachukua neno lake la jahazi, kila mmoja akaendelea na kazi.

Sasa tuingie chini ya gari.

Zamani kabisa, mkokoteni wa magurudumu manne ulikata kona kwa kugeuza ekseli nzima ya mbele kwenye pini moja ya katikati. Ni rahisi kutengeneza, lakini jiwe likigonga gurudumu la upande mmoja, ekseli yote inazunguka. Mwanzoni mwa karne ya 19, Georg Lankensperger, mtengeneza magari ya farasi wa Munich, alifikiria njia nyingine: ekseli isimame imara, kila gurudumu ligeuke kwenye pini yake, na fimbo iyaunganishe mawili hayo. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliiandikisha hati miliki London, na jina lake ndilo lililobaki vitabuni. Uzuri wa mpango ule ni kwamba gurudumu la ndani ya kona hugeuka zaidi kuliko la nje, kwa sababu duara lake ni dogo zaidi. Ubaya wake ni kwamba kazi yote ya kuyaweka magurudumu pamoja imeachiwa fimbo moja.

Malori ya mwanzo yalikuwa ya polepole, na mengi yalitembea kwa matairi membamba ya mpira mgumu usio na upepo. Nguvu iliyorudi kwenye fimbo haikuwa kubwa sana. Tena ilikuwa inapita mikononi mwa dereva. Akigeuza usukani gari ikiwa imesimama, mabega yanamwuma, anaacha. Mwili wa dereva ulikuwa ndio kipimo.

Vita Kuu ya Pili vilibadilisha mambo. Bahari ya Mediterania ilipokuwa hatari, Waingereza na wenzao walitafuta njia ya kufikisha mizigo Misri kwa kupitia katikati ya Afrika: kwa Mto Kongo, kisha kwa reli mpaka Mungbere, kisha kwa lori mpaka Juba, halafu kwa meli kushuka Nile. Mwaka 1941 pia askari wa Kongo ya Ubelgiji walipitia huku wakienda kupigana na Waitaliano Ethiopia. Kwenye vita hivyo hivyo majeshi yalitumia sana malori yenye tairi moja pana kila upande, kama yale yaliyotengenezwa Kanada na Ford na Chevrolet, kwa sababu tairi pana lenye upepo mdogo halizami haraka kwenye mchanga na matope.

Na usukani je? Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis, aliyekuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha Pierce-Arrow, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1926 usukani unaosaidiwa na mafuta yenye presha. Viwanda havikuuharakisha. Vita ndivyo vilivyouingiza kwenye magari mazito ya kijeshi, na mwaka 1951 Chrysler ikaanza kuuuza kwenye gari la abiria. Hiyo ndiyo pawa stelingi tunayoijua.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Pawa stelingi inamwondolea dereva uzito, haiiondolei fimbo. Tairi likibanwa kati ya mawe mawili, zamani mkono ulichoka kabla chuma hakijapinda. Sasa pampu haichoki. Dereva anageuza kwa kidole kimoja, anasikia laini tu, huku chini tairodi inasukumwa mpaka inakunja mgongo. Maumivu yaliyokuwa yanamwonya dereva yamehamia kwenye chuma, na chuma hakipigi kelele.

Tuje kwenye magari tunayoyaona kila siku. Toyota Land Cruiser ya familia ya 70 ilitoka mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo farasi wa mashirika, hospitali na serikali huku kwetu. Nyingi zinakuja na tairi la 7.50R16, lenye kimo cha karibu sentimita 80. Tangu mwaka 2012 barabara ya Juba mpaka Nimule, kilomita 192, ina lami. Lakini ukiiacha lami, hasa kaskazini kwenye udongo mweusi, mvua ya siku moja inageuza njia kuwa uji. Ndiyo sababu mtu anatamani tairi kubwa, na sababu hiyo si ya mapambo. Springi ndefu zinainua bodi, lakini haziinui ekseli. Kinachoinua ekseli ni tairi peke yake. Ukitoka sentimita 80 ukaweka la inchi 35, yaani karibu sentimita 89, ekseli inapanda sentimita nne na nusu hivi. Kwenye matope, hizo ndizo zinazoamua kama utafika au utalala njiani.

Lakini gharama inatumwa wapi? Fikiria fundi anayefungua nati iliyokwama. Anachomeka bomba kwenye spana ili mkono uwe mrefu, na nati inatii. Tairi kubwa ndilo hilo bomba. Lina kimo zaidi, upana zaidi na uzito zaidi, kwa hiyo likigonga kisiki, kisiki kinapata mkono mrefu wa kusukuma usukani wote. Ukiongeza na rimu zinazotoa tairi nje ili lisikwaruze springi, mkono unakuwa mrefu zaidi. Kiwanda kilipima fimbo kwa tairi lake. Hakikupima kwa tairi lako.

Na fimbo haivunjiki hovyo hovyo, ina kanuni. Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi wa karne ya 18, alionyesha kwamba fimbo ndefu ikisukumwa kutoka mwisho hadi mwisho hupinda kabla haijapondeka. Urefu ukiwa mara mbili, uwezo wake unabaki robo. Na upana una faida kuliko uzito. Chukua chuma kigumu cha milimita 25, kisicho na tundu. Chukua pia bomba la milimita 38 kwa nje na unene wa milimita 5. Uzito wao unakaribiana sana. Lakini bomba lile linakataa kupinda karibu mara nne zaidi. Ndiyo maana fundi anayejua kazi anatafuta bomba nene lenye kipenyo kikubwa, badala ya kujaza tundu kwa nondo.

Sasa jambo ambalo historia yote hii inatufundisha: usukani ni mnyororo. Ukiimarisha kipande kimoja, nguvu haipotei, inahamia kwa jirani. Weka tairodi nene kama mguu, halafu itapasuka chesisi pale boksi ya stelingi ilipofungwa. Imarisha chesisi, utaharibu boli za mwisho wa fimbo. Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake, na mafundi wazuri wanaufuata hivi.

Kwanza, ondoa kulegea kabla ya kuongeza nguvu. Gari isimame chini kwa uzito wake, hendibreki imevutwa, matairi yamewekewa mawe, injini imezimwa. Mtu mmoja achezeshe usukani kidogo kushoto na kulia, mwingine aangalie kila kiungo kwa macho na kwa vidole. Panapocheza, pabadilishwe: beringi za magurudumu, beringi za kingipini, boli za tairodi. Dampa ya usukani, ile inayofanana na shokomzoba iliyolala, isitumike kuficha ugonjwa. Ukiona gari ikifika mwendo fulani usukani unapiga ngoma, halafu mtu anakuambia nunua dampa mpya tu, muulize kwanza ni kipi kimelegea.

Pili, tairodi na ile fimbo nyingine inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye tairi, dragilinki. Bomba liwe la chuma kizito lisilo na mshono, si bomba la maji lililopakwa zinki. Lile jembamba linakunjika, tena likichomewa moshi wake ni sumu. Tairodi huwa na gurudi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, ili urefu urekebishwe kwa kuizungusha. Baada ya kazi, mpangilio wa matairi upimwe tena kwa vipimo vya kiwanda, si kwa jicho.

Tatu, mahali boksi inapokaa. Ondoa matope yote, futa, tafuta nyufa nyembamba kuzunguka bolti. Panahitaji bamba la kuongeza unene, lenye pembe zilizokatwa vizuri ili nguvu isambae.

Nne, ukiinua gari, dragilinki inalala mshazari zaidi. Hapo kila tuta linageuza usukani lenyewe kidogo. Kuna mikono iliyotengenezwa maalumu ya kurudisha mlalo wake, na ni bora kuliko kukunja ule wa zamani kwa moto. Pia angalia vizuizi vya kona, ili tairi jipya lisije likagusa springi au bomba la breki ukikata mpaka mwisho.

Tano, kwa wenye uwezo, kuna pistoni ya mafuta inayosukuma tairodi moja kwa moja, ikisaidiana na boksi. Inapunguza mateso ya chesisi. Lakini inaletwa mwisho, baada ya yote hayo, kwa sababu nayo ni nguvu ya kuongeza.

Na kuna yasiyofanywa. Boli ya tairodi haichomelewi. Mkono wa boksi, mafundi wengi wanauita pitimani, hauchomelewi. Fimbo iliyopinda haiwekwi kwenye makaa ikanyooshwa kwa nyundo kisha ikarudishwa kazini kama kitu kizima. Njiani, ukiwa umekwama, unaweza kuinyoosha baridi ili ufike kwenye kijiji kwa mwendo wa kutembea, sawa. Lakini ukifika, hiyo fimbo kazi yake imeisha. Kotapini ya zamani haitumiki mara ya pili. Kitu cha bei ya soda kisilinde roho za watu tisa kwa kukunjwa mara mbili.

Mnaona sasa kwa nini nimeiita historia. Kila kizazi kilichopita Rejaf kilileta chombo kilichopimwa kwa njia ya kwingine, kisha mtu wa hapa akalazimika kukiongezea nguvu. Mara nyingi mtu huyo hakuandikwa. Chaltin ana tarehe yake. Davis ana hati miliki zake. Fundi aliyegundua chini ya mwembe kwamba chesisi inapasuka upande wa boksi, akakata bamba kutoka kwenye springi ya lori lililokufa, huyo hana ukurasa.

Kwa marafiki zetu wa mashirika nina neno moja, na nalisema kwa heshima. Kwenye bajeti, matairi makubwa yanaonekana, yanapigwa picha, yanaandikwa kwenye ripoti. Tairodi haipigwi picha. Tafadhali mkiomba pesa za tairi, ombeni na za usukani kwenye karatasi hiyo hiyo, na saa za fundi ndani yake. Dereva akiandika kwenye daftari kwamba usukani unavuta, asiambiwe amalize safari kwanza. Wanaoshika usukani huo wengi ni kaka zetu na shemeji zetu, na nyuma yao kuna nesi, chanjo na mama mjamzito.

Wenye mawazo yao hata wamejaribu kuukimbia usukani wenyewe. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limetumia hapa Sudan Kusini magari yanayoitwa Sherp, ya kupita kwenye maji na matope, yenye matairi makubwa karibu kama kimo cha mtu. Hayageuzi magurudumu ya mbele. Dereva anavuta levi, upande mmoja unafungwa breki, gari inazunguka. Hakuna tairodi ya kupinda. Ni jibu zuri kwa mafuriko, lakini si gari ya kukupeleka Nimule kwa lami. Kwa safari zetu za kila siku, ile fimbo ya Lankensperger bado iko nasi.

Kwa vijana wenzangu mnaojifunza ufundi, kazi ninayopendekeza ni hii. Ukivuka daraja kwenda Gumbo-Sherikat, upande wa Rejaf kwenye njia ya Nimule, mtafute fundi aliyezeeka kazini. Msalimie vizuri, mwite mzee wangu, kaa kwenye tairi bovu lililo karibu. Muulize kila kipande cha usukani anakiitaje, kwa Kibari, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kiswahili cha kutoka Arua au Bunia. Muulize kipi huvunjika kwanza na baada ya kipi. Andika tarehe, aina ya gari, ukubwa wa tairi, na alichofanya. Jina lake liandike tu akikuruhusu. Mkutano wa 1928 ulichagua lugha za shule bila kumuuliza fundi. Sisi tunaweza kuanza na daftari moja na kalamu, kabla ya mvua kuanza na magari hayajatoka.